Mwanya Nyuma ya Mzee Makori

Kwamboka alizikwa Alhamisi, na kwenye ratiba ya mazishi iliyochapishwa kwa rangi jina langu lilikuwa la nne chini ya neno "Marafiki". Nilipewa dakika tatu. Mimi ni mwalimu mkuu mstaafu, nimewahutubia wazazi saa nzima bila karatasi huku wakisinzia, lakini dakika hizo tatu zilinitia kiwewe tangu bintiye, Nyaboke, aliponipigia simu. "Mwalimu, wewe ndiye ulimjua mama akiwa bado msichana," aliniambia. "Hawa wengine wote walimkuta tayari ni mzee." Nilikubali haraka. Kisha nikakaa jikoni kwangu hapa Nyamira nikijaribu kuandika mistari michache ya heshima, na kila nilipoandika "alikuwa mtu mkarimu" nilikata, si kwa kuwa ni uongo, bali kwa kuwa niliyajua mengine ambayo hayakuwa kwenye karatasi. Basi nitayaandika hapa kwanza, kwa utaratibu wake, kama nilivyozoea kuwadai wanafunzi.

Mwaka ninaousema ulianza katikati ya mwaka mmoja wa kalenda na kuishia katikati ya uliofuata. Wenyeji wa kule wanauita mwaka wa mlolongo, kwa sababu ndio mwaka tuliochagua mbunge kwa kusimama foleni. Habari za kwetu, nani alimzaa nani, nitaziruka. Hazina la kuongeza. Itoshe kusema nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza sekondari, na nilikuwa nafundisha shule ya msingi upande wa Sironga bila cheti cha ualimu. Tuliitwa UT, na walimu wenye vyeti walilitamka jina hilo kama jina la ugonjwa wa ng'ombe. Kila muhula ulipoisha tulingoja kuona nani ataitwa tena na nani atakwenda nyumbani kuchuma chai. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, nafasi katika chuo cha ualimu, na ninaweza kusema bila haya kwamba sijawahi kutaka kitu kingine kwa namna ile tangu hapo, hata mume.

Nilipanga chumba katika boma la Mzee Makori. Nyumba ilikuwa ya mabati juu na udongo pembeni, vyumba viwili na jiko la nje. Kimoja kilikuwa changu, kingine cha Kwamboka, mke wa mwanawe mkubwa. Mumewe alikuwa akikamua ng'ombe katika shamba moja kubwa huko Nyansiongo na alikuja mwisho wa mwezi tu. Ukuta uliotutenganisha uliishia kabla ya kufika paa, kwa hivyo mimi na Kwamboka tuliishi kama watu wa chumba kimoja waliowekewa pazia. Nilimsikia akimwimbia Nyaboke, ambaye wakati huo alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Nilimsikia akisoma kwa sauti, kidole kikifuata maneno, maana alikuwa amejifunza kusoma ukubwani katika darasa la ngumbaru. Naye alinisikia nikilia mara moja, siku mkaguzi aliponiambia mbele ya darasa la tano kwamba sijui kupanga somo. Alileta bakuli la maziwa ya mgando, akaliweka juu ya sanduku langu la nguo, akaondoka.

Alikuwa amenizidi miaka minne au mitano, lakini aliniita Mwalimu tangu siku ya kwanza, na nilipomwambia aniite Moraa alicheka kama aliyeambiwa aninyang'anye kitu. Alinilisha. Mkataba wetu ulikuwa chumba peke yake, lakini wiki ya pili nilikuwa tayari nakula kwake, ugali wa wimbi na chinsaga, zile mboga chungu ambazo alizichemsha kwa maziwa hadi uchungu ukabaki kidogo tu mwisho wa ulimi. Chai hatukunywa. Watu wa boma lile walikuwa Wasabato wa msimamo. Walilima chai, walichuma chai, walisomesha watoto kwa chai, lakini kikombe chake hakikuingia mdomoni mwao. Mimi Mkatoliki nilikunywa yangu shuleni wakati wa mapumziko, na nadhani Kwamboka aliinusa kwenye nguo zangu, kwa sababu siku nyingine aliniuliza kwa upole kabisa, "Na leo mwalimu mkuu aliwapa ile dhambi yenu na sukari?"

Mzee Makori hakuwahi kukanyaga kizingiti cha nyumba yetu. Kwa Wagusii, baba mkwe na mke wa mwanawe wana ensoni baina yao, heshima iliyochanganyika na haya. Haingii nyumbani mwake, hawashikani mikono, hawakalii kiti kimoja, na wakikutana kwenye njia nyembamba mmoja hupanda ukingo ili mwenzake apite bila kuguswa na hata nguo. Mzee akitaka maji alisimama kwenye migomba akakohoa. Kwamboka aliweka kata juu ya jiwe la kunolea, akarudi nyuma hatua kadhaa, ndipo mzee akaja kuichukua. Walizungumza vizuri tu, kwa sauti ya kawaida, hata walitaniana kwa mbali, lakini ule umbali haukuwahi kupungua. Nilikuwa nimekulia katika hayo hayo, kwa hivyo sikuyaona kuwa jambo la kutazamwa mara mbili.

Wagombea walikuwa wawili. Majina yao nayaacha, nitawaita kwa majina tuliyowapa. Mmoja tulimwita Bwana Majani, kwa kuwa ndugu zake walikuwa wamejaa katika kituo cha kununulia chai na wao ndio waliokuwa wakiamua jani gani ni zuri na jani gani limezeeka. Mwingine alikuwa Chaki, mwalimu aliyeacha kazi ili kugombea. Huyo ndiye aliyeanzisha darasa la ngumbaru lililomfundisha Kwamboka kusoma. Kwamboka hakuwa mtu wa siasa. Alimtaka Chaki kwa sababu moja aliyoieleza kila mara kwa maneno yale yale: "Nilikuwa natia kidole kwenye wino kama mtu ameshikwa na polisi. Sasa naandika jina langu. Nani mwingine amenipa kitu hakiwezi kuchukuliwa?"

Kanuni za mwaka ule nitazieleza mara moja. Kwanza wanachama wa chama tawala, kilichokuwa kimoja tu nchini, wangesimama foleni nyuma ya picha ya mgombea wao, mchana kweupe, na kuhesabiwa. Aliyepata sehemu saba kati ya kumi alikuwa ameshapita, mambo yamekwisha. Asipofikia hapo, kungekuwa na kura ya pili, ya siri, ya karatasi na sanduku. Kwa hivyo watu wa Chaki hawakuhitaji kushinda foleni. Walihitaji kuwa na foleni ya kutosha tu, ili Bwana Majani asifikie zile sehemu saba. Kila mtu alijua kwamba nusu ya watakaosimama nyuma ya Majani watasimama kwa sababu ya kituo cha chai, na kwamba wakipewa karatasi mahali pasipo na macho ya mtu, mkono wao utakwenda kwingine.

Aliyetupa jina la hiyo kura ya siri alikuwa Bwana Thomas, Mhindi aliyefundisha hesabu katika shule ya sekondari jirani. Alitoka jimbo moja la kusini mwa India, alikuwa Mkristo, na alikuwa amepanga nyumba ya saruji ya Mzee Makori upande wa barabarani. Jumapili alasiri alikuja kuketi kwenye jiko letu na chupa yake mwenyewe ya chai, akajimiminia mwenyewe ili asimkwaze mwenye nyumba, akatusomea barua za dada yake. Mwaka ule jimbo lao lilikuwa limetoka kuchagua wabunge wake wa jimbo, na barua zilikuwa ndefu, zimejaa nani ameungana na nani na nani amemsaliti nani. Mimi nilichoka mapema. Kwamboka, akimenya ndizi, hakuchoka hata kidogo.

"Mama yangu yeye hajui kusoma," Bwana Thomas alituambia kwa Kiswahili chake alichookota sokoni. "Lakini yeye anapiga kura kila mara. Karatasi iko na picha. Hii ng'ombe mbili, hii mundu na masuke ya nafaka. Yeye anachukua muhuri, anaenda nyuma ya gunia, anapiga kwa picha. Kwisha."

"Gunia gani?" Kwamboka aliuliza.

"Gunia tu. Wanatundika hivi, kama pazia. Wewe uko ndani, mtu wa nje haoni mkono yako."

"Hata bwanako haoni?"

Bwana Thomas alicheka. "Baba yangu alikuwa mtu mkubwa wa ng'ombe mbili. Kila uchaguzi analisha watu kwa nyumba yetu, mama anapika. Siku tumemzika baba, mama anatuambia sisi watoto: mimi, tangu mwanzo, mundu."

Kwamboka aliweka kisu chini. Alicheka hadi akajifuta macho kwa ncha ya leso, kisha akauliza tena kwa sauti ndogo kama anayehakikisha bei, "Mpaka akakufa hakujua?" Tangu siku hiyo kura ya siri ikawa gunia, kwetu na kwa majirani, na nikiwapita wanawake kisimani niliwasikia wakisema, "Tufike tu kwa gunia. Tukifika kwa gunia Majani ataona." Wiki hizo majani ya chai ya Kwamboka yalirudishwa mara mbili kituoni. Karani alimwaga kikapu chake chini mbele ya watu akisema yamezeeka, wakati tuliyachuma pamoja asubuhi ile, mawili na kichipukizi, machanga kama inavyotakiwa. Aliyaokota yote, akarudi nayo nyumbani, akayamwaga kwenye migomba. Alisema, "Na bado nitasimama." Nilimwambia awe mwangalifu. Ni rahisi kumwambia mtu awe mwangalifu wakati si kikapu chako.

Mimi nilikuwa na kikapu changu. Fomu ya chuo cha ualimu ilihitaji barua ya tabia njema kutoka kwa utawala wa mahali ninapoishi, yaani naibu wa chifu. Huyu alikuwa mtu wa sauti ya chini na viatu vilivyong'aa hata wakati wa matope, na haikuwa siri kwamba alikuwa akimfanyia kazi Bwana Majani. Nilikwenda ofisini kwake mara tatu. Mara ya tatu alinionyesha barua yenyewe, imechapwa vizuri, jina langu halina kosa.

"Imebaki muhuri tu, Mwalimu," aliniambia.

"Nashukuru, tata," nikasema, nikimwita baba kwa heshima ya kwetu.

"Siku ya mlolongo nimekuweka karani. Msimamizi anatoka mbali, hajui watu hapa. Wewe utatembea na yeye, utaandika." Aliirudisha barua kwenye droo. "Karani anaandika. Karani si wakili. Tumeelewana?"

Nilimwambia tumeelewana. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi niliinama bila kuambiwa mara mbili. Sikumwambia Kwamboka habari ya droo. Nilimwambia tu nimechaguliwa karani, naye alifurahi kikweli, akasema heri mtu wa nyumbani ashike kalamu.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua na vumbi. Uwanja wa shule yetu uligawanywa. Upande wa goli moja alisimama mtu mwenye picha ya Bwana Majani, upande wa pili mwenye picha ya Chaki. Msimamizi alikuwa kijana kutoka Pwani, mpole, mwenye Kiswahili kilichonifanya nione haya kufungua kinywa. Wala hakuwa mtu mbaya, na hilo nalisema kwa kuwa ingenifaa sana kama angekuwa mbaya. Foleni ya Majani ilizunguka darasa la nne na kurudi. Ya Chaki ilikuwa fupi lakini si haba. Ilitoka golini hadi kwenye ua wa michongoma. Mzee Makori alikuwa karibu katikati, na kofia yake ya sufu. Kwamboka, na Nyaboke mgongoni, alikuwa amejipanga nyuma yake, lakini kwa akili: aliwaacha wanaume watatu wakae kati yake na mzee. Nilimwona akiwapanga kwa mkono, na nikajua anachofanya.

Filimbi ilipopigwa, msimamizi alitangaza kwamba kuanzia hapo hakuna anayehama wala kubadilisha nafasi; atakayehama atatolewa. Askari wawili walipita na rungu kukagua kadi za chama. Wale wanaume watatu hawakuwa na kadi. Sijui kama walisahau, au walizikosa, au walifikiri hazitaulizwa. Walitolewa, wakaondoka wakinung'unika. Kisha msimamizi akapaza sauti, "Shikamaneni! Kila mmoja ashike bega la aliye mbele yake, nisione nafasi!" Foleni nzima ikajikunja mbele, mkono juu ya bega, kifua kwa mgongo, watu wakicheka kwa haya kwa kubanana namna ile. Ilijikunja hadi kwa Kwamboka, ikasimama.

Alikuwa hatua kama sita nyuma ya Mzee Makori. Mbele yake palikuwa na nyasi tupu. Mzee hakugeuka, lakini alijua nani yuko nyuma yake. Nilimwona akisogea mbele zaidi, hadi kidevu kikagusa mtu aliyekuwa mbele, kama anayempisha mtu kwenye njia nyembamba. Hakukuwa na ukingo wa kupanda. Mwanamume aliyekuwa nyuma ya Kwamboka alimsukuma kwa kiganja begani, akamwambia, "Songa mama! Watatukata!" Naye alisema kwa Ekegusii, "Tinkonyara." Siwezi. Alisema mara mbili. Mwanamume akataka kumpita ajaze nafasi, askari akainua rungu, akarudi. Kwamboka aliinua mkono wake wa kulia nusu, kama anayejaribu kuona utafika wapi, akautazama, akaushusha. Nimeona mengi katika maisha yangu ya kazi, lakini ule mkono kushuka ninauona hata nikiwa nachuja chai.

Msimamizi alikuja akihesabu kwa kugusa kila mtu kwa fimbo ndogo, mimi nikiandika kila alipofika kumi. Alimgusa Mzee Makori. Akainua macho, akaona zile hatua sita za nyasi, na ng'ambo yake watu wamesimama wameshikana. Walikuwa arobaini na mmoja. Niliwahesabu kwa macho kabla hajauliza. Mwalimu hawezi kuacha kuhesabu.

"Mwalimu," akaniambia, "wewe ni mtu wa hapa. Hawa wa huku nyuma ni wa mstari huu, au ni watazamaji?"

Aliuliza kwa nia njema kabisa. Alihitaji sentensi moja tu: huyo ni mke wa mwanawe, hawezi kumgusa. Angeelewa, hata kwao mtu hamkaribii mkwe ovyo. Naibu wa chifu alikuwa amesimama upande wa kushoto, viatu vyake nje kidogo ya kivuli changu. Hakunitisha. Hakukohoa. Alitazama daftari langu tu. Watu wa nyuma walikuwa wanapiga kelele zote kwa wakati mmoja, tena kwa Ekegusii, na mgeni hangeweza kuchambua neno. Nikasema, "Mstari umeishia kwa mzee, bwana." Maneno matano. Nikaandika hesabu, yeye akatia sahihi, filimbi ikapigwa, na mlolongo ukatawanyika. Kelele ziliendelea hadi askari wakawasukuma watu hadi barabarani, lakini za nini tena? Karatasi unaweza kuzihesabu upya. Watu wakishakwenda nyumbani hakuna cha kuhesabu.

Chaki alipungukiwa na watu kama thelathini hivi kufika kwenye gunia. Bwana Majani alitangazwa kabla ya jua kutua, na Chaki akaondoka wilayani mwaka huo huo kwenda kufundisha mbali, nikasikia baadaye kwamba hakugombea tena. Nilirudi bomani nikiwa nimeshika daftari kama mtu aliyeokota kitu cha wenyewe. Kwamboka alikuwa jikoni. Alinipakulia kama siku zote, akaketi, akamnyonyesha mtoto. Baada ya muda akaniuliza bila kunitazama, "Mwalimu, ulikuwa karibu na yule bwana. Hakuuliza? Hakuuliza kwa nini nimesimama pale?"

"Hakuuliza," nikamwambia.

"Mtu anaona mwanya mkubwa hivyo, hata haulizi," akasema. "Wageni." Akaniongezea mboga.

Barua yangu ilipigwa muhuri wiki hiyo. Kwamboka naye alipigwa wake. Jioni ya pili nilisikia wanawake wakipita nje ya ua wakimwita Mwanya, na mwisho wa mwezi mumewe alipokuja, nilisikia juu ya ule ukuta kila neno: kwamba kule Nyansiongo wanamcheka, kwamba mke wake amempa Majani ubunge, kwamba angeweza kufumba macho akaweka mkono, mara moja tu, kwa ajili ya watu wote. Hakumpiga, nitasema hivyo kwa haki yake. Lakini alitoka akaenda kulala kwa ndugu yake, na miezi mingi ilipita kabla hajarudi kukaa kama mtu wa nyumbani. Asubuhi yake Mzee Makori alisimama kwenye migomba mahali pake pa siku zote na kusema kwa sauti ya kufika kwa majirani, "Mke wa mwanangu hakunigusa. Kama kuna mtu hapa angetaka mke wa mwanawe amshike mabega mbele ya watu, aje anieleze mimi." Hakuna aliyekwenda. Lakini jina halikufutika, maana jina baya halingoji ruhusa ya mzee. Mimi nilifungasha sanduku langu mwezi wa tano nikaenda chuoni. Kwamboka alinibebea hadi barabarani, Nyaboke mgongoni, sanduku kichwani, akanipa ndizi za njiani.

Nilifundisha miaka thelathini na sita. Nilimtembelea kila Desemba, nikampelekea unga na sukari, na kwa ajili ya utani, majani ya chai, ambayo aliwagawia wageni. Kila mara nilijiambia leo nitasema. Kisha angeleta bakuli, nami ningekula. Nilijiambia ni jambo la zamani, nilijiambia hata wale arobaini na mmoja wangehesabiwa pengine kura ya siri ingeibwa vile vile, na hoja hiyo si mbaya, ila haikuwa juu ya Kwamboka. Hakuna aliyemwita mwizi wa kura Mwanya. Walimwita yeye.

Alhamisi hema zilikuwa tatu, na mshereheshaji alikuwa kijana mwenye suti ya buluu ambaye hata hakuwa amezaliwa mwaka ule. Alikuwa amepewa mzaha na wazee. "Huyu mama yetu," akasema, "ndiye Mwanya wa kihistoria! Leo ametuachia mwanya mwingine!" Watu walicheka, wengine kwa upendo, kwa sababu jina likizeeka hata matusi yake hulainika. Nyaboke, aliyeketi mstari wa mbele, hakucheka. Ndipo mshereheshaji akaita jina langu.

Niliacha karatasi kitini. Nilisema nilikuwa karani siku ile. Nilisema msimamizi aliniuliza kama wale ni wa mstari, nami nilijua kwa nini Kwamboka amesimama pale kama kila mtu wa hapa alivyojua, na nilisema si wa mstari, kwa sababu nilitaka barua. Nilisema kwamba kama kuna mwanya, ni mimi niliyeuweka. Sikulia, nilikuwa nimejiandaa kulia lakini machozi hayakuja. Mzee mmoja wa kanisa akasema kwa sauti ya kati, "Haya, siasa tuiache, tumzike mtu," na mshereheshaji akashika kipaza sauti akaita kwaya. Nilirudi kuketi. Jirani yangu alisogeza kiti chake kidogo, au pengine nilidhani tu.

Baada ya maziko Nyaboke alinikuta nimeketi nyuma ya jiko, karibu na masufuria. Naye ni mwalimu sasa, mwenye cheti, na ana namna ya mama yake ya kutonitazama anapouliza jambo kubwa.

"Shuleni waliniita mtoto wa Mwanya mpaka darasa la nane," alisema. "Unajua hivyo?"

"Najua."

"Na mama alikuwa anasema, mwalimu Moraa alikuwa pale, mwalimu Moraa anajua haikuwa makosa yangu. Kila mtu akimcheka, alikutaja wewe kama shahidi."

Nilimwambia nilikuwa na miaka ishirini. Nilimwambia nilikuwa naogopa, kwamba barua ilikuwa kwenye droo ya yule mtu na bila barua nisingekuwa chochote. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu, kama anavyosikilizwa mtu mzima.

"Hiyo naielewa, Mwalimu," akasema. "Hata mimi pengine ningefanya hivyo. Lakini barua uliipata wiki hiyo hiyo. Baada ya hapo ulikuwa unaogopa nini?"

Alingoja. Alingoja kweli, mikono imeshika sahani. Kisha mtu akamwita, maji ya kunawa yameisha. Aliniwekea sahani mapajani, ugali na chinsaga, akaenda kuwahudumia wageni.